Sindano Nne Zilizorukwa

Siku ya Sabato, ambayo dini ya Kiyahudi imekataza kazi na kuwasha moto, nyumbani kwa Hinda Rotenberg hakuna anayewasha jiko. Chakula huwekwa juu ya bati lenye moto mdogo chini yake siku ya Ijumaa, kabla jua halijazama, nacho hutokota polepole hadi adhuhuri ya siku ya pili. Ni mchuzi mzito wa maharage, shayiri, viazi na nyama ya ng'ombe. Harufu yake hujaa ngazi zote za jengo lile la Brooklyn, hata mtu anayepanda orofa ya tatu hujua ni mlango gani umetia kitunguu kingi na ni mlango gani umebania.

Sabato moja ya mwezi wa Mei, Hinda alipanga sahani tano mezani. Mumewe, Zalmen, alikuwa bado sinagogi pamoja na mabinti wao wawili wadogo. Binti mkubwa, Perl, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa amelala chumbani.

"Funga mlango, Mama," alisema Perl. "Harufu inanitapisha."

Hinda alifunga mlango, lakini hakuondoka. Alibaki ameshika kitasa. Kwa wiki nzima alikuwa akijiambia kwamba Perl alikuwa na hofu ya kuposwa tu. Msichana gani hula vizuri katika wiki kama hiyo? Jioni ile ile, Sabato ikitoka, wazazi wa kijana aitwaye Anshel Lefkovits wangekuja. Mama wawili wangeshika sahani moja kwa pamoja na kuivunja, kama ilivyo desturi, na baada ya hapo posa haitenguliki. Sahani ilikuwa tayari kabatini, imefungwa katika kitambaa cheupe.

Zilibaki saa saba.

Kulikuwa na jambo ambalo mtaa haukulijua. Perl alipokuwa na miaka kumi na sita, alikonda mpaka sketi zake zikamteremka kiunoni. Aliharisha kila siku kwa miezi miwili. Alitoka vidonda mdomoni, na tumbo lilimuuma upande wa kulia, chini ya kitovu. Daktari alimpima, akasema ni ugonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo ambao hauambukizi lakini pia hauishi. Alimpa dawa ya sindano. Perl alifundishwa kujichoma mwenyewe pajani, mara moja kila baada ya wiki mbili. Katika miezi minne alirudisha mwili wake. Kwa miaka miwili hakuumwa hata mara moja.

Wazazi wake walikubaliana wasimwambie mtu. Nyumbani kwao kulikuwa na mabinti watatu wa kuozwa, na katika mtaa ule ugonjwa wa binti mmoja huhesabiwa kuwa ugonjwa wa wote. Dawa ilinunuliwa katika duka la dawa la mbali, ambako hakuna aliyewajua.

Kisha mshenga, Bi Yoheved, alileta habari za Anshel. Kama ilivyo kazi yake, aliuliza juu ya afya ya msichana. Hinda alijibu kwamba ni mzima kabisa. Hakuona kuwa amesema uongo. Binti alikuwa anakula, analala na anacheka. Mzima ni nani, kama si huyo?

Uongo ule ulihitaji kulindwa. Mama yake Anshel alianza kuwatembelea, naye ni mwanamke anayefungua friji ya mwenziwe bila kuuliza, aweke keki aliyoileta. Hinda alizihamishia sindano katika friji ya zamani iliyokuwa chini kabisa ya jengo, nyuma ya ndoo za matango ya siki. Baadaye aliona hata hilo halitoshi. Akamwambia Perl aache dawa mpaka sahani ivunjwe.

Perl alikataa mwanzoni. Alisema daktari alimkanya asiruke hata sindano moja. Hinda alimjibu kwamba madaktari husema hivyo kwa kila mtu.

"Miaka miwili hujaumwa," alimwambia. "Umepona, mwanangu. Kwa dawa hiyo unamtibu nani?"

Basi sindano ya kwanza ilirukwa, na hakuna lililotokea. Ya pili ikarukwa. Ya tatu iliporukwa, Perl alianza kuamka usiku kwenda chooni, lakini hakumwambia mtu. Ya nne iliporukwa, aliacha kula nyama, halafu mboga, halafu akabaki na chai na mkate.

Sasa Hinda alifungua mlango tena, akaingia, akamgusa shingoni. Alikuwa anachemka.

"Tangu lini una homa?"

Perl alisema tangu Alhamisi. Alikuwa akimeza vidonge vya kushusha homa ili aweze kuamka na kusaidia jikoni.

Hinda alishuka ngazi mbio, akaenda hadi kwenye friji ya chini, akasukuma ndoo za matango, akatoa sindano moja. Mpango wake ulikuwa mfupi. Angemchoma sasa hivi, na kufikia jioni tumbo lingetulia. Perl angevaa gauni lake la bluu, angekaa kitini nusu saa, angetabasamu. Kesho wangekwenda kwa daktari.

Kwenye ngazi alikutana na Bi Zlata wa orofa ya kwanza, aliyekuwa anarudi kutoka sinagogi. Bi Zlata alikuwa mjane wa miaka sitini na tano, na bado alifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya wagonjwa wa matumbo, ng'ambo ya mto. Miaka mitatu iliyopita alikuwa amewaona Hinda na Perl wamekaa katika ukumbi wa kliniki ile. Aliwapita kama mtu asiyewafahamu, na hakulitaja jambo hilo kwa yeyote. Hata hivyo, tangu siku ile Hinda alimwepuka, kwa kuwa ni vigumu kumpenda mtu anayejua siri yako.

Bi Zlata aliitazama sindano, kisha akamtazama Hinda usoni.

"Amekosa ngapi?"

Hinda alitaka kusema kwamba hakukosa hata moja. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Nne."

"Twende juu."

Chumbani, Bi Zlata aliketi ukingoni mwa kitanda. Alimsalimu Perl kwa sauti ya kawaida, akamwambia kwamba rangi ya uso wake inafanana na ya unga wa viazi. Perl alicheka kidogo, na kicheko kikamuumiza. Bi Zlata alimbonyeza tumboni taratibu, upande wa kushoto kwanza. Alipofika kulia, Perl alimshika mkono na kuuondoa.

"Nyoosha mguu wa kulia," alisema Bi Zlata.

"Siwezi."

"Tangu lini huwezi?"

"Tangu jana asubuhi."

Hinda hakuwa na habari. Alikuwa ameona binti yake amejikunja, naye alidhani ni usingizi. Bi Zlata alimwekea kipimajoto. Kilisoma nyuzi thelathini na tisa na nusu.

"Nimchome sasa?" Hinda aliuliza. Sindano ilikuwa imeanza kupata joto kiganjani mwake.

"Usimchome."

"Bi Zlata, si ndiyo dawa yake? Si wewe mwenyewe unawachoma watu dawa hii kila siku?"

"Ndiyo. Na kila siku, kabla ya kuwachoma, nawauliza kama wana homa. Mwenye homa simchomi mpaka daktari amwone." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mishono. "Dawa hii huipunguzia nguvu kinga ya mwili. Nadhani Perl ana usaha ndani. Ukiilaza kinga wakati kuna usaha, bakteria watafurahi. Weka hiyo sindano chini. Twende hospitali."

"Twende. Sabato ikitoka, twende."

"Twende sasa."

Hinda alisogea dirishani. Chini, njia ya watembea kwa miguu ilikuwa imejaa. Masinagogi yote ya mtaa yalikuwa yametoka kwa pamoja. Wanaume walivaa kofia zao za manyoya, na wanawake walisimama wawili wawili wakisukuma vigari vya watoto. Siku ya kazi mtu angeweza kuingia katika teksi na kusema anakwenda kununua viatu. Lakini siku ya Sabato hakuna gari linalosimama katika mtaa ule ila limekuja kumchukua mgonjwa. Likisimama, kila mtu husimama pia.

Bi Zlata alimkumbusha kwamba kuokoa uhai wa mtu huruhusu kuivunja Sabato, na kwamba hilo alifundishwa tangu akiwa na miaka sita.

"Siogopi Sabato," alisema Hinda. Hakugeuka. "Naogopa wale walio chini. Nina wengine wawili nyuma ya huyu. Saa saba tu, Bi Zlata. Nakuomba. Saa saba."

"Usaha hausomi saa."

Hapo Perl alisema kutoka kitandani. Hakupaza sauti, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kupaza.

"Mama, wanakuja kumposa nani? Mimi, au yule mzima uliyewaambia?"

Hinda aligeuka. Alimtazama binti yake, magoti yamekunjwa, nywele zimelowa jasho. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba saa saba ni ndefu.

Bi Zlata alinyoosha mkono kwenye simu iliyokuwa ukutani. Hinda alimzuia.

"Ni mwanangu. Nitapiga mwenyewe."

Katika miaka yake arobaini na minne, Hinda hakuwahi kuigusa simu siku ya Sabato. Kidole chake kilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu kilipatia.

Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika nne. Waliokuja walikuwa watu wa kujitolea wa mtaa huo huo, bado wamevaa makoti yao ya Sabato. Walimshusha Perl kwa machela. Mlangoni, kama Hinda alivyojua, watu walikuwa wamekwisha kusimama. Wa mbele kabisa alikuwa Bi Yoheved, mshenga, na mkono wake ulikuwa juu ya kigari cha mjukuu wake.

"Hinda, kuna nini?" aliuliza. Macho yake yalikwenda kwa Perl, yakarudi. Kisha akashusha sauti, kwa wema wa kweli. "Ni kidole tumbo, sivyo? Kinaweza kumpata mtu yeyote."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Kidole tumbo hukatwa na kusahauliwa. Hakuna posa iliyowahi kuvunjika kwa ajili ya kidole tumbo. Hinda alihitaji tu kutikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Ni ugonjwa wa Crohn. Anao tangu ana miaka kumi na sita. Nilikwambia ni mzima, nami nilijua si kweli."

Bi Yoheved alikivuta kigari kando. Hinda alipanda gari, Bi Zlata akamfuata, na mlango ukafungwa.

Hospitalini, Perl alipigwa picha kwa mashine. Palikuwa na jipu pembeni mwa utumbo mdogo, kubwa kama ndimu. Daktari wa zamu alieleza kwamba ukuta wa utumbo ulikuwa umevimba na kutoboka, na usaha ulikuwa umejikusanya nje yake. Angepitisha mrija mwembamba kupitia ngozini ili usaha utoke, na kumpa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa. Hinda aliuliza ingekuwaje kama wangengoja mpaka jioni. Daktari alisema hawezi kujua. Huenda jipu lingengoja. Huenda lingepasuka ndani ya tumbo, na hapo wangekuwa wanazungumzia jambo lingine.

Zalmen alifika kwa miguu, maili tatu, kwa kuwa sasa binti alikuwa mikononi mwa madaktari na hapakuwa tena na ruhusa ya kupanda gari. Aliketi karibu na mkewe. Hakumlaumu, maana walikubaliana wote wawili.

"Nieleze," Hinda alimwambia Bi Zlata. "Miaka mitatu nimekuwa nikitikisa kichwa mbele ya madaktari. Sikuelewa. Alikuwa mzima. Ugonjwa ulitoka wapi?"

"Haukutoka popote. Ulikuwapo." Bi Zlata alivua miwani, akaifuta. "Umewaona wale waliomchukua. Mmoja akisikia kuna mgonjwa, anaita kwenye redio, wanakuja watano. Kazi ikiisha, redio inasema rudini nyumbani, wanarudi. Mwilini ni vivyo hivyo. Chembe za kinga huitana kwa vijumbe vidogo vya protini. Vinaitwa saitokini. Bakteria wakiingia utumbo, vijumbe vinatoka, vinasema njooni. Chembe zinakuja, zinapigana, mahali panavimba na kupata joto. Huo uvimbe ni kazi nzuri. Kisha vinatoka vijumbe vya aina nyingine, vinasema basi, imetosha."

"Na kwa Perl?"

"Kwa Perl redio imekwama kwenye njooni. Adui hayupo, au alikwisha kuondoka, nayo inaita tu. Chembe zinakuja zikiwa na moto mkononi, hazimkuti mwizi, zinaunguza nyumba. Nyumba yenyewe ni ukuta wa utumbo. Ndiyo maana kunatokea vidonda. Ndiyo maana chakula hakimjengi mwili. Vijumbe hivyo vikizidi katika damu, vinaleta homa, uchovu na kukosa hamu ya kula."

Zalmen aliuliza kama ni chakula kilichomletea, au huzuni, au jambo walilolikosea walipomlea. Bi Zlata alisema hapana. Hakuna ajuaye chanzo chote. Hurithiwa kwa sehemu, na miongoni mwa Wayahudi kama wao huonekana zaidi kuliko kwa watu wengi, lakini hakuna mzazi aliyeupika jikoni.

"Miongoni mwa vijumbe hivyo," aliendelea, "kuna kimoja chenye sauti kubwa. Madaktari wanakiita TNF. Sindano ya Perl hukikamata hicho kabla hakijabisha hodi kwenye chembe. Hakifikishi ujumbe. Wagonjwa wengine kijumbe chao kinachopiga kelele zaidi ni kingine, nao hupewa dawa nyingine. Lakini dawa haitengenezi redio, Hinda. Inaziba mdomo tu, kwa wiki mbili. Kile kimya cha miaka miwili hakikuwa cha kupona. Kilikuwa cha dawa."



"Nami nilimuuliza kwa dawa hiyo anamtibu nani," alisema Hinda.

"Nimesikia mengi mabaya kuliko hilo," alisema Bi Zlata. "Kuna mmoja alimpa mwanawe siki ya matango kila asubuhi. Alikuja kwetu akitaka tumpongeze."

Zalmen alicheka, akajiziba mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kucheka bila kuumia.

Jumapili asubuhi mama yake Anshel alikuja hospitalini peke yake. Alimbusu Perl kwenye paji la uso. Kisha alimwita Hinda nje ya chumba, akaongea bila kupaza sauti. Alisema kuhusu ugonjwa angeweza kumuuliza daktari. Lakini kuhusu uongo, angemuuliza nani? Hinda hakujitetea. Alisema, "Una haki." Wiki moja baadaye Bi Yoheved alipiga simu kueleza kwa maneno ya adabu kwamba familia ya Lefkovits imejitoa.

Perl alilia siku mbili. Siku ya tatu aliomba supu.

Mrija ulitolewa siku ya tisa. Utumbo haukukatwa. Dawa za kuua bakteria ziliendelea nyumbani, na picha ya pili ilipoonyesha kwamba jipu limekauka, daktari alizungumza nao tena juu ya sindano. Hinda alikwenda akiwa na daftari. Daktari alieleza kwamba mtu akiacha dawa ile kwa miezi, mwili wake huweza kuiona kama adui na kuitengenezea kinga, kisha dawa isifanye kazi tena. Damu ya Perl ilipimwa. Kwa bahati njema, dawa ilikuwa bado inamfaa. Walimpima tena kifua kikuu kabla ya kuanza, kwa sababu dawa inayolaza kinga inaweza kuuamsha ugonjwa huo kama umejificha. Waliambiwa pia kwamba akipata homa atoe taarifa kwanza kabla ya kujichoma, na kwamba vipimo vya damu na vya kinyesi huonyesha uvimbe hata pale mgonjwa anapojisikia vizuri. Hinda aliandika yote. Aliuliza maswali mpaka Perl akamvuta mkono wa koti.

Kufikia mwezi wa Agosti, Perl alikuwa ameongeza kilo sita, na kipimo cha uvimbe kilikuwa kimeshuka karibu na cha mtu asiyeumwa.

Mtaa ulizungumza, kama Hinda alivyoogopa. Ulizungumza kwa wiki tatu hivi. Kisha lilitokea jambo ambalo hakulitarajia. Mwanamke mmoja wa orofa ya nne alimfuata dukani, akamuuliza Bi Zlata hufanya kazi siku gani. Mwingine alimletea biskuti, akakaa saa nzima bila kusema alichokijia, na alipofika mlangoni akasema mwanawe huharisha tangu Hanuka, sikukuu ya mwezi wa Desemba.

Wa tatu alikuja Jumatano moja mchana. Perl ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa Bi Yoheved, mshenga, na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Alitazama nyuma yake, kwenye ngazi, kisha akanong'ona kwamba ni mjukuu wake wa miaka kumi na nne. Amekonda. Ana vidonda mdomoni. Mama yake anasema ni mitihani. Je, wanaweza kuongea mahali pasipokuwa na mtu?

Hinda alitoka jikoni akifuta mikono. Kabla hajasema neno, Perl alikuwa amekwisha kuufungua mlango mpaka mwisho.

"Karibu ndani, Bi Yoheved," alisema kwa sauti yake ya kila siku, iliyosikika hadi orofa ya chini. "Kaa hapa. Tumbo linamuuma upande gani?"